Uhasibu wa gharama: uuze kiasi gani ili usipoteze?

Nchi yetu iliingia OHADA 2012, na uhasibu wake tunausoma wote. Ule unaonyesha biashara kwa watu wa inje: banki na watu wa kodi. Uhasibu wa gharama ni wa ndani. Unamsaidia mwenye kazi kuamua.

Tuseme unafungua bulanjeri kidogo pale Goma. Nyumba, mlinzi na mshahara wako mwenyewe ni dola 600 kwa mwezi, uuze usiuze. Kartoni ya mikate unauza dola 10. Unga, mafuta na kuni vinakula 7. Inabaki 3. Gawanya 600 kwa 3: kartoni 200. Ukiuza 180 tu, umepoteza dola 60, hata kama kila siku unaona feza mkononi.

Jirani akishusha bei na wewe ukamfuata hadi dola 9, inabaki 2. Sasa unahitaji kartoni 300. Bei imeshuka asilimia 10, kazi imepanda asilimia 50! Njo maana bulanjeri inaweza kufunga wateja wakiwa bado mlangoni.

Kabla ya kuomba deni, fanya hesabu hii kwa karatasi. Tena uliza wafanyakazi: anayechoma mikate anajua unga unapotelea wapi.