Otesha kivumbasi, lakini chandarua usikitupe

Ndugu msomaji, ukisafiri kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, ukaipita Mlandizi na Mto Ruvu, utafika Vigwaza kabla hujaiona Chalinze. Bonde la Ruvu limejaliwa neema ya maji, na penye maji hapakosi mbu. Ndiyo maana jua likituapo, katika nyumba nyingi za pwani, tawi la kivumbasi huwekwa juu ya makaa, na moshi wenye harufu kali ukaenea uani.

Kivumbasi ni ndugu wa mrehani, ule tuupendao kwa harufu yake katika vikuba. Wengi wetu hukichuma tu kandokando ya njia. Lakini viwanja hujengwa na vichaka hufyekwa; achumaye bila kupanda, iko siku atarudi mikono mitupu. Huko California, Marekani, wenyeji wa asili wanao mmea wao wa kufukiza, wa ukoo huu huu. Umechumwa mno porini hata watu wakahimizwa kuuotesha nyumbani kwa mbegu. Nasi tunaweza, wala hatuhitaji shamba. Debe kuukuu lililotobolewa chini latosha.

Tafuta kivumbasi ambacho mashuke yake yamekauka na kuwa ya kahawia. Yakate asubuhi, uyaanike kivulini, kisha uyapukuse juu ya ungo na kupeta. Mbegu ni ndogo mno, nyeusi au za hudhurungi. Zitakazobaki zihifadhi katika chupa kavu.

Changanya udongo sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja na mchanga sehemu moja. Wenye udongo wa mfinyanzi wa bondeni wasiuache mchanga, kwani maji yakituama miche huoza. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, uzinyunyize juu ya udongo na kuzigandamiza kidogo kwa kiganja. Usizifukie: hapa ndipo wengi hukosea, kisha wakazilaumu mbegu. Nyunyizia kwa kopo lenye matundu madogo, asubuhi na jioni, na uliweke debe mahali penye mwanga bali pasipo jua kali la mchana.

Kwa kawaida miche huchomoza katika wiki moja au mbili. Ikifikisha majani sita, ihamishe jioni, ukiachanisha mche na mche kiasi cha hatua moja. Anayeanza kitalu mwishoni mwa Februari ataipata mvua ya masika ya Machi imsaidie kumwagilia. Mche ukifika urefu wa shubiri mbili, kata ncha yake, nao utatoa matawi mengi.

Sasa, ndugu msomaji, sikiliza lililo zito zaidi. Katika majaribio yaliyofanywa magharibi ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2002, kivumbasi hai kilichopandwa vyunguni kilipunguza mbu wa malaria kwa karibu asilimia 40. Hiyo ni faida kubwa kwa mmea usiogharimu kitu. Lakini fanya hesabu: katika kila mbu 100, wapatao 60 bado watakufikia, na mmoja tu mwenye vimelea anatosha kumlaza mtoto kitandani.

Isitoshe, moshi huisha makaa yakizimika, hali mbu wa malaria huendelea kuuma hadi alfajiri. Wala usiseme utalala na jiko ndani ili moshi usikatike. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini, na moshi wenyewe huumiza mapafu ya watoto wachanga. Fukiza uani wakati wa mazungumzo na chakula cha jioni; mkiingia kulala, jiko libaki nje, na kila mtu, hasa mama mjamzito na watoto wadogo, aingie ndani ya chandarua chenye dawa.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitufundisha kwamba afya ya nyumba huanzia uani. Basi fukia madimbwi, funika mitungi, na mlangoni panda kivumbasi. Mtoto akihomeka, usimfukize: mpeleke zahanati siku hiyo hiyo akapimwe.