Nyumba Moja, Maangamizi Mawili: Hadithi ya Poe katika Filamu

Katika hadithi fupi ya Edgar Allan Poe, "The Fall of the House of Usher" (1839), Roderick na Madeline ni pacha. Dada huzikwa hai, hurejea, wote wawili hufa, nayo nyumba huzama ziwani. Ukoo na jengo vina uhai mmoja.

Jean Epstein (Ufaransa, 1928) aliwafanya mtu na mkewe, akawaokoa nyumba ilipoporomoka; hofu ikageuka penzi lishindalo mauti. Roger Corman (Marekani, 1960) aliurejesha udugu, akamwondoa rafiki msimulizi na kumweka mchumba wa Madeline, kisha akaiteketeza nyumba kwa moto. Kwake, mahali penyewe ndipo penye uovu.

Tofauti hii ina uzito Kwale. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo huko Diani, uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Mgeni hujifunga kaniki kabla ya kuingia: ishara ya heshima, si ya woga. Basi atakayezipeleka ngano za kaya kwenye filamu kwa kumwiga Corman atakuwa amekigeuza kitakatifu kuwa kiovu.