Je, Wajua? Fomu ya Wavuti na Hekta 10 za Dhahabu

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Lwamgasa, mkoani Geita, anayetaka kuchimba kihalali hukutana na fomu kabla hajashika sururu. Tangu mwaka 2015 Tanzania ina lango la mtandaoni la leseni za madini, na leseni ndogo, ile ambayo machimboni kila mtu huiita PML, huombwa kwa kujaza visanduku kwenye kioo cha kompyuta. Wengi hawajazi wenyewe. Huenda steshenari, Geita mjini au Kahama, wakakaa kwenye benchi huku kijana wa kompyuta akiwauliza jina, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), aina ya madini, pembe za eneo. Anachokijaza kijana huyo ni chombo chenye tabia zake, na tabia hizo zinaweza kumpa mtu eneo au kumkosesha.

Kurasa za mwanzo za wavuti, uliobuniwa na Tim Berners-Lee kule kwenye maabara ya fizikia ya CERN, karibu zote zilikuwa za kusoma tu. Msomaji alibofya kiungo akaenda ukurasa mwingine. Pa kujibu hapakuwepo. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic kikaanza kuonyesha visanduku vya kujaza, na Novemba 1995 toleo la 2.0 la HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, likaviweka katika kanuni rasmi. Bila visanduku hivyo usingekuwepo mkopo wa chuo unaoombwa kwa mtandao, wala ajira za serikali, wala nusu ya biashara ya steshenari zetu.

Ukibonyeza kitufe cha kutuma, kivinjari hakipeleki picha ya fomu. Hukusanya jozi: jina la kisanduku, alama ya usawa, kisha ulichoandika. Jozi hizo huungwa kwa alama ya &, hivi: madini=dhahabu&mkoa=Geita. Basi. Rangi, nembo ya taifa na mistari mizuri vyote hubaki kwako. Kisanduku ambacho mtengenezaji alisahau kukipa jina hakitumwi kabisa, hata ukiandika insha ndani yake. Cha kushangaza zaidi ni kisanduku cha tiki: kisipotiwa tiki hakisemi "hapana", hunyamaza tu, na ni kazi ya seva, kompyuta inayopokea fomu, kuuelewa ukimya huo.

Jozi husafiri kwa njia mbili. Kwa GET hubandikwa kwenye anwani ya ukurasa, zikaonekana na kila anayechungulia kioo, zikabaki pia katika kumbukumbu za kivinjari. Kwa POST hufungwa ndani ya ujumbe wenyewe. Namba za watu zinastahili POST, tena juu ya muunganisho uliofumbwa wa HTTPS. Vile vitone vinavyoficha nywila vinamzuia jirani wa benchi tu. Peke yake haviifungi nywila ikiwa njiani.

Fomu si chombo pekee cha wavuti chenye tabia zake; kingine ni fremu. Mwaka 1996 kivinjari cha Netscape Navigator 2.0 kilileta njia ya kugawanya dirisha moja vipande, kila kipande kikibeba ukurasa wake. Ni kama fremu za maduka pale Kahama: jengo moja, wapangaji mbalimbali. Menyu ilikaa kushoto, habari kulia, nawe ukahisi umeendelea. Kumbe anwani ya juu haikubadilika hata ukizunguka tovuti nzima, ukitaka kuhifadhi ukurasa unahifadhi mlango mkuu, na injini za utafutaji zikawatupa watu ndani ya kipande kimoja kisicho na menyu. HTML5, iliyopitishwa Oktoba 2014, ilizifuta fremu hizo. Sikuzililia. Iliyobaki ni iframe, dirisha dogo la mgeni ndani ya ukurasa, linalotumika sana kubeba ramani na video. Nayo ina hila zake: mwaka 2008 watafiti wa usalama walionyesha jinsi tapeli anavyoweza kuifanya isionekane na kuilaza juu ya kitufe kingine, ukadhani unabofya zawadi kumbe unaidhinisha jambo lake.

Turudi kwenye fomu ya leseni. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Kivinjari kinaweza kuzihesabu, kikakataa 19, kikagundua hata mwezi wa 13. JavaScript, lugha ya programu ya kivinjari iliyozaliwa 1995, ilipata mojawapo ya kazi zake za kwanza hapo hapo. Seva lazima ikague upya, maana mjuzi anaweza kuuruka ukaguzi wa kivinjari. Lakini ukaguzi wote huo ni wa umbo. Ukweli ni habari nyingine.

Chukua pembe za eneo. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS ya simu husoma WGS84. Namba za mifumo hiyo miwili zinafanana kwa sura: digrii, dakika, sekunde. Ukiandika za mfumo mmoja mahali panapotakiwa za mwingine, fomu isiyouliza mfumo hupokea bila kunung'unika, na eneo lako husogea takriban mita 300. PML ya dhahabu haizidi hekta 10; ikiwa mraba, kila upande ni mita 316 hivi. Maana yake umeomba karibu shamba zima la jirani, huku duara lako, yaani shimo lako la kuchimbia, likibaki nje ya mpaka. Kijana wa steshenari hana kosa, alinakili alichopewa. Wa kulaumiwa ni mtengenezaji aliyeweka kisanduku kitupu bila kuuliza namba zimetoka wapi. Dawa yake ni mistari michache ya HTML: orodha ya mifumo miwili juu ya visanduku vya pembe, isiyo na jibu lililochaguliwa tayari, na kitufe cha kutuma kisichokubali mpaka mwombaji achague.