Zalio la Mbuzi na Vali ya Moyo

Mbuzi akitupa mimba usiku, mwenye zizi hangoji kuche. Hushika tochi, akakivuta kitoto kilichokufa, akalichomoa zalio kwa mkono mtupu, kisha akalitupa nje kwa mbwa. Ni kazi ya kawaida Chamwino, Bahi na Kongwa mkoani Dodoma, na hata pembezoni mwa mji, upande wa Chimwaga, ambako majengo ya chuo kikuu yamewakuta wafugaji.

Gramu moja ya zalio la mnyama mwenye homa ya Q, ugonjwa unaoweza kumtoa mbuzi mimba, huweza kubeba bakteria bilioni moja. Likikauka huwa vumbi, na upepo wa kiangazi wa Dodoma kila mtu anaujua. Kuvuta bakteria wachache tu kunatosha kuambukizwa. Wengi hawaugui kabisa. Wengine hupata homa, maumivu ya kichwa na jasho kwa wiki moja au mbili, kisha wakapona. Edward Derrick alipowaona wafanyakazi wa machinjio ya Brisbane, Australia, wakiugua hivyo, hakujua chanzo. Mwaka 1937 aliuita ugonjwa huo homa ya Q, herufi inayoanza neno la Kiingereza lenye maana ya swali. Bakteria wenyewe huitwa koksiela.

Kwa wachache, swali hilo huhamia moyoni. Vali ni kipande chembamba cha nyama kinachofunguka na kujifunga takriban mara laki moja kwa siku. Vali nzima ni laini, bakteria hawapati pa kushika. Yenye kovu, hasa lile linaloachwa na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, huwapa mahali pa kukaa. Makovu hayo ni mengi nchini mwetu, na aliye nayo huenda ndiye anayezalisha mbuzi bila kujua kwamba moyo wake una mlango wazi.

Koksiela hula vali polepole, miezi hata miaka. Mgonjwa anakonda, anachoka, homa inakuja na kuondoka, miguu inavimba. Damu ikioteshwa maabara, hakuna kinachoota, kwa sababu bakteria huyu huongezeka ndani ya seli tu. Picha ya moyo nayo inaweza isionyeshe uvimbe wowote kwenye vali. Kinachomfichua ni kipimo cha kingamwili, na hakuna anayekiagiza kama hakumshuku. Brusela, bakteria mwingine wa mifugo anayeingia kwa maziwa mabichi na kwa mikono ya mzalishaji, hushambulia vali pia; si mara nyingi, lakini wanaokufa kwa brusela wengi wao huuawa na moyo.

Kwamba hatumshuku koksiela, tunao ushahidi wa karibu. Kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008, asilimia 60.7 waliandikiwa malaria; waliokuwa na malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Kati ya waliopimwa homa ya Q, asilimia 5 walikuwa nayo. Brusela ilikuwa asilimia 3.5. Kila nikizisoma namba hizo nawafikiria wafugaji waliorudishwa nyumbani na dawa ya malaria.

Tiba ipo, na inahusu klorokwini, dawa ya malaria tuliyoiacha mwaka 2001. Koksiela hustawi katika kifuko chenye asidi ndani ya seli, na humo doksisaiklini haimuui. Haidroksiklorokwini, dada yake klorokwini, hupunguza asidi hiyo, na hapo doksisaiklini hufanya kazi. Vidonge vya aina mbili, kwa miezi 18 isiyopungua, vali iliyopandikizwa miezi 24. Wengine huhitaji upasuaji pia.

Miezi 18 ya nauli kutoka Bahi si mchezo. Lakini yote huanza na maswali mawili ya daktari anapompokea mgonjwa mwenye homa isiyoisha na moyo wenye mlio: mifugo yako imetupa mimba mwaka huu? Nani alitoa zalio?