Mtoto mwenye ulemavu wa akili naye ana kifaa chake

Ndugu wazazi, tukisikia vifaa vya watu wenye ulemavu, wengi tunawaza kiti cha magurudumu au magongo tu. Lakini mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa 50 vya kupewa kipaumbele, na ndani yake zimo kadi na mbao za picha za kuwasiliana.

Mtoto asiyeweza kusema anaumwa wapi anaweza kuonyesha picha kwa kidole. Kata vipande vya boksi, uchore: maji, chakula, choo, tumbo linauma. Anza na picha mbili tu. Taja neno huku ukionyesha picha, halafu subiri, usimjibie. Akionyesha maji, mpe maji palepale, ndiyo ataelewa.

Wengine wanaogopa eti picha zitamfanya asiongee kabisa. Hapana, hazizuii kuongea. Zifungeni kwa kamba, zikae karibu naye, na majirani pia wazijue. Akiumwa usiku bila kadi, tutabaki kukisia tu.

Jamani, tusiwafiche watoto hawa ndani. Waleteni shuleni, na kadi zao mkononi.