Mti wa Krismasi wa Ikulu ya Marekani na miaka uliyokosa taa

Kila Desemba, kwa kawaida Rais wa Marekani huongoza sherehe ya kuwasha taa za mti wa Krismasi wa taifa, katika uwanja ulio kusini mwa Ikulu mjini Washington. Kwa wengi hiyo ni burudani ya sikukuu. Hata hivyo, historia inaonyesha kuwa mti huo umetumika pia kutoa ujumbe wa serikali, hasa pale taa zake zilipozimwa.

Mwanzoni mti ulikuwa jambo la familia. Mwaka 1889, Rais Benjamin Harrison aliweka mti ndani ya Ikulu kwa ajili ya jamaa zake, ukiwa umepambwa kwa mishumaa. Ilipita miaka 34 kabla ya desturi hiyo kutoka nje. Desemba 24, 1923, Rais Calvin Coolidge aliwasha taa 2,500 za umeme kwenye mti wa jamii ya misonobari uliotoka Vermont, jimbo alikozaliwa.

Mwaka 1941 mti ulihamishiwa katika bustani ya Ikulu yenyewe. Siku 17 baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, Rais Franklin Roosevelt aliwasha taa akiwa pamoja na Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, ambaye aliwasihi wananchi wawape watoto usiku mmoja wa furaha licha ya vita. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1944, mti ulipambwa bila taa kutokana na masharti ya wakati wa vita. Taa zilirejea Desemba 1945, baada ya vita kumalizika.

Msiba nao uliwahi kuchelewesha sherehe. Rais John Kennedy aliuawa Novemba 22, 1963, na taifa likaomboleza kwa siku 30. Mrithi wake, Lyndon Johnson, aliwasha taa Desemba 22, maombolezo yalipokwisha.

Giza lililokuwa na uzito wa pekee ni la mwaka 1979, wakati Wamarekani walipokuwa wameshikwa mateka katika ubalozi wao mjini Tehran, Iran. Rais Jimmy Carter aliagiza iwashwe nyota ya kileleni tu. Mwaka uliofuata, mateka wakiwa bado hawajaachiwa, mti uliwashwa kwa sekunde 417, sekunde moja kwa kila siku ya kifungo chao, kisha ukazimwa.

Mateka 52 waliokuwa wamebaki waliachiwa Januari 20, 1981, baada ya siku 444. Ingawa Krismasi ilikuwa imepita kwa takriban mwezi mzima, mti uliwashwa tena kuwakaribisha nyumbani.