Insulini ya mtoto ikitoka kiwandani, mlinzi wake ni mzazi

Yai likishachemka halirudi kuwa bichi, hata ukiliweka kwenye barafu. Kila mzazi anayepika analijua hilo. Wasiolijua wengi ni kwamba kinacholipata yai sufuriani kinaweza pia kuipata dawa ya insulini iliyosahauliwa juani.

Kwa familia yenye mtoto anayeugua kisukari aina ya kwanza mkoani Songwe, jambo hili ni la kila siku. Tunduma na Mbozi ni nyanda za juu zenye baridi, lakini ukiteremka Kamsamba wilayani Momba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, joto ni jingine kabisa. Kichupa kilichokaa salama Tunduma kinaweza kuharibika huko kisipotunzwa.

Mtoto mwenye kisukari hiki, kongosho lake haliwezi tena kutengeneza insulini ya kumtosha. Bila insulini, sukari hubaki kwenye damu na mwili hukosa nguvu. Hadi Januari 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipochomwa insulini mjini Toronto, Canada, ugonjwa huu kwa mtoto ulikuwa hukumu ya kifo.

Kazi yake iko kwenye umbo

Insulini ni protini, na protini ni kama uzi wa shanga. Insulini ina shanga 51 katika nyuzi mbili, mmoja wenye 21 na mwingine 30. Lakini uzi peke yake haufanyi kazi. Ni lazima ukunjwe na kupata umbo lake, kama ufunguo wenye meno yanayolingana na kufuli. Meno yakipinda, chuma ni kilekile lakini mlango haufunguki.

Mwilini, kazi hiyo ina wasimamizi. Ndani ya seli kuna protini nyingine ambazo wanasayansi wamezipa jina lenye maana ya msindikizaji. Kwa Kiswahili cha harusini, ni wapambe. Mpambe haolewi yeye. Humweka sawa bibi harusi shela, humkinga na msongamano, kisha husogea pembeni. Protini hizi nazo huushika uzi mpya usijisokote na nyuzi za jirani, kisha huuachia ukae katika umbo lake. Baadhi yake huongezeka seli inapopata joto kali.

Ili kuwachunguza wapambe hawa, watafiti huchukua jeni ya binadamu inayowatengeneza na kuiingiza kwenye bakteria. Bakteria hutengeneza protini hiyo ya binadamu, nayo huchujwa na kupimwa maabara: inakunja nini, na inashindwa wapi. Utafiti wa ukunjaji wa protini umesaidia kueleza kwa nini watoto wachache hupata kisukari kabla ya kutimiza miezi sita. Kwa baadhi yao, jeni ya insulini ina hitilafu na uzi wake haukunjiki sawasawa.

Njia hiyohiyo ya bakteria ndiyo iliyoleta insulini ya binadamu inayotumika leo. Ilitengenezwa mara ya kwanza California mwaka 1978 na kuruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1982. Kiwandani hukunjwa chini ya uangalizi mkali. Ikishaingia kwenye kichupa, haina mpambe tena. Anayebaki ni mzazi.

Asiye na friji afanyeje?

Maelekezo ya kawaida ni kuweka kichupa ambacho hakijafunguliwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Nyumba nyingi hazina friji, na hofu hiyo huwafanya baadhi ya wazazi kukata tamaa.

Jibu la kutia moyo limetoka jirani. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitumia vipimo vya joto kutoka nyumba za kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, ambako joto hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Maabara ikaiweka insulini katika hali hiyohiyo kwa wiki nne. Matokeo yaliyotolewa Februari 2021 yalionyesha kwamba nguvu ya dawa haikupungua kwa zaidi ya asilimia moja.

Hiyo si ruhusa ya kuiacha juani. Maana yake ni kwamba kichupa kinachotumika kikikaa kivulini, kwa muda usiozidi wiki nne, mtoto anaweza kutibiwa nyumbani bila friji. Andika tarehe ya kukifungua, na iulize kliniki kuhusu aina ya insulini anayotumia mtoto wako.

Ujuzi wa mtungi wa maji unasaidia. Weka mtungi mdogo ndani ya mkubwa, jaza mchanga katikati, umwagilie maji, funika kwa kitambaa kibichi na uweke kivulini penye upepo. Kichupa kikae ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, kisiguse maji.

Safarini, beba dawa kwenye mkoba wa mkononi. Usiiweke kwenye buti la basi wala kwenye dashibodi. Ukiomba kuihifadhi kwenye friji ya jirani, isikae karibu na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka.

Dalili za hatari

Insulini iliyo angavu ikiwa na ukungu, au ile ya maziwamaziwa ikibaki na mabonge baada ya kuzungushwa taratibu viganjani, usiitumie. Lakini dawa inaweza kupoteza nguvu bila kubadilika sura. Sukari ikiwa juu siku hadi siku wakati dozi na chakula ni vilevile, nenda kliniki na kichupa hicho. Usipandishe dozi mwenyewe, wala usiache kuchoma.

Mtoto akianza kunywa maji mno, kukojoa mara kwa mara, kutapika, kulalamika tumbo, au kuhema kwa nguvu na pumzi yenye harufu kama ya matunda, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Dalili hizi hudhaniwa kuwa malaria. Omba apimwe na sukari, hata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari.

Na likizo ikifika, mtoto akienda kwa bibi yake Kamsamba, bibi aonyeshwe mapema pa kuweka dawa. Sindano ikichomwa kwa wakati, lakini kwa dawa iliyopoteza umbo, mtoto atakuwa hajatibiwa.